Sura ya Sita: Kadi Iliyojificha Ndani ya Simu

Fungua mgongo wa kitochi chochote kinachouzwa Tunduma, toa betri, na chini yake utakuta kijikadi cha plastiki chenye vibati vya rangi ya dhahabu. Kisha chukua kadi ya benki ya mfanyakazi yeyote wa serikali pale Vwawa uitazame upande wa kushoto. Vibati ni vilevile. Wanaotengeneza vitu hivi viwili wametoka katika ukoo mmoja wa ufundi, na ndani ya kila kimoja mna kompyuta ndogo sana, yenye kumbukumbu yake, uwezo wake wa kupiga hesabu na siri ambayo haitoki nje. Kwa hiyo mkulima wa kahawa wa Ihanda ambaye maishani mwake hajawahi kuingia benki amekuwa akitembea na kadi ya chipu mfukoni tangu siku aliponunua laini yake ya kwanza.

Naanzia hapo kwa sababu habari za malipo salama ya kadi huandikwa kana kwamba zinawahusu watu wa maduka makubwa ya Dar es Salaam peke yao. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa karibu asilimia 72 ya watu wazima nchini wanatumia huduma za fedha kwa simu, na wanaotumia benki ni karibu asilimia 22. Ihanda ni kata ya wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, kando ya barabara kuu ya Mbeya hadi Tunduma, ile inayopitisha malori ya mafuta kwenda Zambia na Kongo na kurudisha shaba bandarini. Mashine ya kuchanjia kadi utaikuta kwenye baadhi ya vituo vya mafuta na nyumba za wageni za mjini. Kwenye duka la rejareja, lenye sukari ya kupima, mche wa sabuni na mafuta ya taa, malipo ni ya aina mbili: noti mkononi, au karatasi iliyobandikwa dirishani yenye Lipa Namba ya mwenye duka, yaani namba yake ya kulipiwa kwa simu. Hiyo karatasi ndiyo mashine ya kadi ya Ihanda. Na maswali yote ambayo dunia imejiuliza kuhusu kadi kwa miaka hamsini, nani ameiga, nani ameiba, nani alipe hasara, yanasubiri kujibiwa pale dirishani.

Kadi ya benki ya zamani haikuwa na chipu. Ilikuwa na mkanda mweusi wa sumaku mgongoni. Mhandisi wa IBM nchini Marekani, Forrest Parry, alikuwa akihangaika mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuunganisha mkanda na plastiki bila gundi kuuharibu. Inasimuliwa kwamba mkewe, Dorothea, alikuwa akipiga pasi nguo alipomwona kachoka, akamwambia ajaribu kuuyeyushia kwa pasi. Ukashika. Kwa miongo mingi iliyofuata mabilioni ya kadi yalitengenezwa kwa wazo lililoanzia kwenye meza ya pasi.

Kasoro ya mkanda ni kwamba unasema maneno yaleyale kila siku. Namba ya kadi, tarehe ya mwisho, na mengine machache. Anayeusoma mara moja ana kila kitu anachohitaji kutengeneza kadi nyingine. Ndiyo maana wezi walibandika visomeo vidogo kwenye midomo ya mashine za ATM, na kamera ndogo juu yake ya kuchungulia namba ya siri. Mwenye kadi huondoka na kadi yake, na siku chache baadaye pesa zake zinatolewa katika mji ambao hajawahi kufika.

Chipu ilikuja kuponya ugonjwa huo. Wajerumani Helmut Gröttrup na Jürgen Dethloff walikuwa na wazo hilo mwishoni mwa miaka ya 1960, naye Mfaransa Roland Moreno akaomba hataza yake mwaka 1974. Ufaransa ndiyo iliyoongoza: kufikia mwisho wa 1992 kadi zake zote za benki zilikuwa na chipu. Miaka michache baadaye kampuni za Europay, Mastercard na Visa zikakubaliana kiwango kimoja ili kadi ya nchi hii isomeke kwenye mashine ya nchi ile. Uingereza iliwalazimisha wateja wake kutumia chipu na namba ya siri kuanzia tarehe 14 Februari 2006. Marekani, nchi iliyozaa mkanda, ilichelewa kuliko wengi. Huko hasara ilianza kumwangukia mfanyabiashara asiyekuwa na mashine ya chipu Oktoba 2015.

Utendaji wake ni mzuri kiasi kwamba unastahili kuelezwa polepole. Ndani ya chipu mna ufunguo, yaani namba ndefu sana ambayo benki nayo ina nakala yake. Ufunguo huo hautamkwi kamwe. Ukichomeka kadi kwenye mashine, mashine inaipa chipu maelezo ya ununuzi: kiasi, tarehe, na namba moja ya kubahatisha ambayo haijatumika kabla. Chipu inayachanganya maelezo hayo na ufunguo wake, pamoja na hesabu ya mara ngapi kadi imetumika, halafu inatoa jibu fupi. Benki inapiga hesabu ileile kwa upande wake. Majibu yakilingana, malipo yanapita. Ni kama mlinzi wa geti ambaye kila usiku anakuuliza swali jipya, na jibu la jana halikufungulii leo. Mwizi aliyesikiliza mazungumzo yote kati ya kadi na mashine ameondoka na jibu lililokwisha kazi yake.

Laini ya simu inafanya hivyohivyo. Kampuni ya Ujerumani ya Giesecke & Devrient iliuza laini za kwanza kwa mtandao wa Radiolinja wa Ufini mwaka 1991. Kila unapowasha simu, mnara unaitumia laini yako namba ya kubahatisha, laini inaichanganya na ufunguo wake wa siri, inarudisha jibu, na mtandao unalinganisha. Mwaka 1998 watafiti waliokuwa Marekani, Marc Briceno, Ian Goldberg na David Wagner, walionyesha kuwa mojawapo ya kanuni za hesabu zilizotumika ndani ya laini nyingi ilikuwa dhaifu, na kwamba mtu akiishika laini kwa muda wa kutosha anaweza kuinakili. Mitandao ikaanza kubadili kanuni. Tangu hapo, kwa laini zilizotengenezwa vizuri, mwizi wa kijijini hana haja wala njia ya kupambana na chipu.

M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na kuvuka kuja kwetu 2008, ilisimama juu ya msingi huo. Hapakuhitajika kadi mpya wala mashine mpya dukani. Kadi ilikuwa imeshasambazwa nchi nzima ndani ya simu. Huko Kenya, menyu ya huduma iliwekwa ndani ya laini yenyewe. Sisi tulizoea kupiga *150*00#, au *150*60# kwa wa Airtel, na menyu ikaja kutoka kwenye mtandao. Tofauti hiyo inaonekana ndogo lakini ina jambo lake. Kwenye simu nyingi ukitumia menyu ya namna hii, tarakimu unazoandika hubaki wazi kwenye kioo. Mashine ya ATM huonyesha nyota. Kitochi huonyesha 1, 9, 5, 8, kwa herufi kubwa, ili mwenye macho mazima aliyesimama nyuma yako asome bila shida.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Chipu imefanya kazi yake na kuimaliza. Kilichobaki ni namba ya siri, na namba ya siri ilibuniwa kwa ajili ya mtu wa aina fulani: anasoma, anaona vizuri, simu ni yake peke yake, anafanya muamala akiwa faraghani, na hamtegemei mwingine. Katika kata kama Ihanda, mtu wa namna hiyo yupo, lakini si yeye peke yake anayeingiziwa pesa.

Msimu wa mauzo hali huwa hivi. Bibi anafika kwa wakala asubuhi, kitenge kichwani, simu imefungwa kwenye pembe ya khanga. Kwenye benchi wapo watu watatu wanaosubiri zamu.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Hebu nitazamie kama hela imeingia, mimi sioni vizuri.”

Wakala, ambaye ni kijana, anaipokea simu, anapiga namba, menyu inafunguka.

“Weka namba ya siri, bibi.”

“Si uweke wewe,” anasema bibi, na anazitaja tarakimu nne kwa sauti ya kawaida, kama anavyotaja jina la kitongoji chake.

Wakala mwaminifu, na wengi ni waaminifu, anamwangalia salio, anamtolea kiasi anachotaka, anaandika kwenye daftari, anamhesabia noti mara mbili mbele ya macho yake. Bibi anaondoka salama. Lakini siri imeshasikiwa na watu wanne. Kuanzia dakika ile, usalama wa akiba yake unategemea tabia za majirani. Hesabu iliyomo ndani ya chipu haina la kumsaidia tena.

Nimesikia semina nyingi zikilieleza jambo hili kama uzembe wa bibi. Sikubaliani nazo. Bibi ametathmini hali yake kwa akili timamu. Macho yamepungua, maandishi ya menyu ni madogo, akikosea mara tatu namba inafungwa na itabidi aanze safari ya kuifungulisha. Kumwamini kijana anayemfahamu tangu akibebwa mgongoni ndiyo njia fupi na, kwa siku nyingi, ndiyo njia salama. Aliyekosea ni yule aliyebuni huduma bila kumfikiria mtu anayehitaji msaada, kisha akaandika kwenye masharti kwamba mteja akimtajia mtu yeyote namba ya siri, hasara ni yake.

Tena namba hiyo si ya mtu mmoja hata nyumbani. Mama akiugua usiku, lazima mtoto aweze kutoa pesa ya gari la kumpeleka hospitali Vwawa. Baba akisafiri kwenda Laela kununua mahindi, mke anabaki na simu. Mtoto wa sekondari ndiye anayemfanyia babu miamala. Familia zina utaratibu wake wa kuaminiana, na mfumo wa malipo haujui kama utaratibu huo upo. Unachokijua ni aliyeweka tarakimu nne sahihi na aliyekosea.

Tuzitazame tarakimu zenyewe. Ziko nne, kwa hiyo michanganyiko ni 10,000. Mtu anayebahatisha mara tatu kabla ya kufungiwa ana nafasi tatu kati ya elfu kumi. Huo ni ulinzi wa maana. Ila watu hawachagui namba kwa kubahatisha. Huchagua wanazozikumbuka, na inayokumbukwa kuliko zote ni mwaka wa kuzaliwa. Kwa Mtanzania hapa pana hatari ya pekee ambayo haizungumzwi vya kutosha. Namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA yenye tarakimu 20, huanza na tarehe ya kuzaliwa: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Laini zote tulizisajili upya kwa alama za vidole na namba hiyo, katika zoezi lililofikia tarehe ya mwisho ya 20 Januari 2020. Tangu hapo tunaitaja namba ya NIDA kila mahali, tunaiandika kwenye fomu za mikopo na kuacha vivuli vya kitambulisho maofisini. Mwenye namba ya siri 1958 ambaye kitambulisho chake kinaanza na 1958 ameandika siri yake kwenye kila fomu aliyojaza. Kama msomaji ni mmoja wao, akifunga kitabu hiki sasa hivi na kwenda kuibadili, sura hii imelipa gharama yake.

Upande wa pili wa dirisha yuko muuzaji, na yeye pia ana lake la kuogopa. Kwenye mashine ya kadi, jibu la benki humfikia muuzaji moja kwa moja: mashine yake yenyewe ndiyo inayochapa risiti. Kwenye malipo ya simu, wauzaji wengi wamezoea kutazama simu ya mnunuzi. Dereva wa lori amesimamisha gari kando ya barabara, amechukua soda, mikate na vocha, injini inanguruma, anaonyesha kioo: meseji inasema muamala umekamilika. Meseji hiyo mtu anaweza kuiandika mwenyewe. Muuzaji anayejilinda haangalii simu ya mteja hata kidogo. Anasubiri meseji iingie kwenye simu yake, anatazama kama imetoka kwa jina la huduma au kwa namba ya mtu wa kawaida, na kama mzigo ni mkubwa anaangalia salio. Mtandao ukiwa mzito, kusubiri huko kunaudhi. Karibu na Tunduma kuna kero nyingine, kwamba simu yenyewe hushika mnara wa Zambia bila mwenyewe kujua, na menyu ikagoma kufunguka mpaka urudishe mtandao kwa mkono.

Mteja naye anayo kinga moja nzuri ambayo wengi huiruka kwa haraka. Kabla ya kuweka namba ya siri, huduma huonyesha jina la anayelipwa. Ukilipa kwa Lipa Namba, jina la duka au la mwenye duka linakuja pale. Dakika hiyo ndiyo ya kusimama na kusoma. Karatasi ya dirishani inaweza kubandikwa nyingine juu yake usiku, na kwa mwonekano hutaona tofauti. Jina ndilo litakalokustua. Mfumo wa kitaifa wa TIPS unaosimamiwa na Benki Kuu, ambao umewezesha pesa kuruka papo hapo kutoka benki hadi simu na kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, umeufanya ukaguzi huu wa jina kuwa muhimu zaidi, maana pesa iliyotumwa kimakosa inaweza kuwa imeshavuka mitandao miwili kabla hujamaliza kushangaa.

Wenye kadi za benki, ambao idadi yao inaongezeka Vwawa na Tunduma, wajue kwamba chipu inalinda kadi iliyopo mbele ya mashine. Ukinunua kitu kwa intaneti, chipu haishiriki kabisa. Kinachotumika ni namba ya mbele, tarehe, na tarakimu tatu za mgongoni. Ndiyo maana Uingereza, baada ya chipu na namba ya siri kuenea, wizi uliondoka madukani na kuhamia kwenye manunuzi ya mtandaoni na kwenye nchi ambazo mashine zake bado zilisoma mkanda. Benki zikajibu kwa kutuma namba ya muda mfupi kwenye simu ya mteja. Wezi nao wakaanza kupiga simu kuiomba namba hiyo, wakijitambulisha kuwa maofisa wa benki. Matapeli wetu wa ile meseji ya “hela tuma kwenye namba hii” wako kwenye kazi hiyohiyo. Hakuna hata mmoja anayevunja hesabu za chipu. Wote wanazungumza na binadamu mpaka afungue mwenyewe.

Basi mtu akishafungua, akashawishiwa au akaibiwa na aliyemwamini, hasara ni ya nani? Kwangu hili ndilo swali zito kuliko la teknolojia yoyote, na dunia imelijibu kwa njia zinazopingana.

Mwaka 1980 huko New York, mteja aitwaye Dorothy Judd aliishtaki Citibank. Dola 800 zilikuwa zimetolewa kwenye akaunti yake kwa mashine, naye alisema hakuzitoa wala hakumpa mtu kadi yake. Benki ilileta karatasi za kompyuta. Jaji alipima ushahidi wa mwanamke aliyeaminika dhidi ya ushahidi wa mashine, akamwamini mwanamke, na benki ikaamriwa kulipa. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1978 inayosema mteja akitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu agundue kuwa kadi yake imepotea au kuibwa, hasara yake haizidi dola 50. Sheria hiyo ipo hadi leo.

Uingereza mambo yalikwenda kinyume. John Munden, askari polisi, alirudi kutoka likizoni mwaka 1992 akakuta pesa zimetolewa kwenye akaunti yake. Akalalamika kwa taasisi yake ya fedha. Taasisi ikashikilia kwamba mfumo wake hauwezi kukosea, kwa hiyo aliyelalamika anasema uongo. Munden akashtakiwa kwa kujaribu kujipatia pesa kwa udanganyifu, na mwaka 1994 akatiwa hatiani. Ilichukua hadi 1996 kwa rufaa yake kushinda, baada ya taasisi hiyo kukataa kuwaruhusu wataalamu wa utetezi kuukagua mfumo wake. Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kitaalamu upande wake, Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alitumia maisha yake yote yaliyobaki kueleza kwamba mifumo ya malipo huvunjika mara nyingi pale ambapo anayeijenga siye anayelipa hasara. Mwaka 2010 yeye na wenzake Steven Murdoch, Saar Drimer na Mike Bond walionyesha kifaa kilichoiwezesha kadi iliyoibwa kulipa dukani kwa namba ya siri yoyote ile. Mashine iliandika kwamba namba imethibitishwa. Fikiria mteja anayeambiwa na benki, kwa rekodi hiyo, kuwa ni lazima alimpa mwizi siri yake.

Ulaya imejifunza. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema wazi kwamba rekodi ya kutumika kwa namba ya siri, yenyewe peke yake, haitoshi kumthibitishia mteja kosa. Na tangu tarehe 7 Oktoba 2024 Uingereza imekwenda hatua ambayo zamani ingeonekana ndoto: mtu aliyedanganywa akatuma pesa kwa mkono wake mwenyewe anarudishiwa, hadi pauni 85,000, na gharama wanagawana nusu kwa nusu benki iliyotuma na benki iliyopokea. Benki iliyomfungulia tapeli akaunti sasa ina sababu ya kifedha ya kumjua ni nani.

Hapa kwetu tuna vipande vya jengo hilo. Meseji ya kitapeli unaielekeza kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Ukipiga *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na kila mtu angepaswa kufanya hivyo mara kwa mara, kwa sababu laini inayofanya utapeli kwa jina lako itakuletea polisi wewe. Kanuni za Benki Kuu za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinakupa haki ya kulalamika kwa mtoa huduma na, usiporidhika, kulifikisha suala Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya. Lakini Mbeya ni zaidi ya kilomita 60 kutoka Ihanda. Aliyeibiwa shilingi 40,000 akipiga hesabu ya nauli, siku iliyopotea shambani na karatasi atakazodaiwa, atanyamaza. Unyamavu wake hauingii kwenye takwimu ya mtu yeyote, na mfumo unaendelea kuonekana salama.

Kwa hiyo ningependa kuona mambo mawili yakidaiwa kwa sauti. La kwanza ni la kiufundi, na si gumu. Mwenye akaunti aruhusiwe kumsajili mtu wake wa kuaminiwa, mjukuu au mke, mwenye namba yake tofauti: aweze kuangalia salio, aweze kutoa hadi kiwango alichokiweka mwenyewe bibi, na kila anachofanya kiandikwe kwa jina lake. Kampuni za simu tayari zinawapa wafanyabiashara akaunti zenye wahudumu kadhaa chini ya mmiliki mmoja. Kilichotengenezewa mwenye duka kinaweza kutengenezewa mwenye shamba. Kwa wasiosoma, huduma ya sauti ya kutajiwa salio kwa Kiswahili, na kwa Kinyiha pia ikiwezekana, ingempunguzia bibi sababu ya kumpa mtu simu.

La pili ni la mzigo wa ushahidi. Pesa ikipotea, mtoa huduma ndiye mwenye rekodi: saa, mnara uliotumika, simu iliyotumika, laini ilibadilishwa lini na wapi, na wakala gani alitoa fedha. Mteja ana meseji tu, tena kama haijafutwa. Ni haki mwenye rekodi ndiye aanze kueleza. Laini iliyotolewa upya saa tatu asubuhi dukani Tunduma na kuhamisha akiba yote saa tatu na dakika ishirini inajieleza yenyewe kwa anayeruhusiwa kuitazama.

Mahali pa kuanzia ni karibu. Wakulima wa kahawa wa Mbozi wamo katika vyama vyao vya ushirika wa mazao (AMCOS), na vikao vya vyama hivyo tayari hujadili makato, mbolea na bei. Benki au kampuni ya simu inayotaka kulipa fedha za wanachama mia kadhaa kwa pamoja inautaka sana mkataba huo, na anayetakwa anaweza kuweka masharti. Chama kiulize kabla ya kusaini: mwanachama wenu akiibiwa, mtamjibu kwa siku ngapi, na atalalamikia wapi bila kupanda basi? Mzee asiyeona atahudumiwaje? Nani atakuja kukaa nasi siku za malipo? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, yasomwe kwa sauti, na karani abaki na nakala yenye muhuri wa pande zote mbili.